Mwalimu Aliyepima Maji

Jirani yetu wa Temeke tulimwita Mwalimu. Mkewe naye alimwita Mwalimu, hata wakiwa wawili tu ndani. Nyumba yao na yetu zilitenganishwa na ua wa makuti, na kila asubuhi, kabla kengele ya shule haijalia, nilimsikia Mama Mwalimu akisema, "Mwalimu, uji unapoa," na yeye akijibu kutoka uani, "Nakuja. Nahakikisha maji kwanza."

Maji aliyokuwa akiyahakikisha hayakuwa ya kunywa. Yalikuwa ya kumwagilia mikahawa yake.

Nilihamia pale nikiwa nimeolewa karibuni, mume wangu akifanya kazi gatini, enzi za Mwingereza, muda mfupi baada ya vita kubwa ya pili kwisha. Juu ya utoto wa Mwalimu na watu wa ukoo wake sina la kusema, maana hakuwa mtu wa kujisimulia. Nilijua kwamba yeye na mkewe walitoka Bukoba, kwamba walikuwa Wakristo, na kwamba hawakujaliwa mtoto. Mengine niliyoyajua niliyaona kwa macho au niliyasikia kupitia makuti.

Alikuwa mrefu, mwembamba, kaptula zake nyeupe zimepigwa pasi mpaka zinasimama. Baiskeli aliisukuma zaidi kuliko kuipanda, kwa sababu aliogopa mchanga wa njia zetu. Akitoka kwenda shule, mara nyingi alifika kwenye kona ya duka la Mhindi akasimama, akageuza baiskeli, akarudi kutazama kama moto wa jikoni umezimwa. Mkewe alikuwa amekaa palepale jikoni, tena anapika. Mwalimu alijua. Alirudi hata hivyo. Barua zake alizipeleka posta mwenyewe, na Mama Mwalimu aliniambia kwamba akishaitumbukiza barua hubaki amesimama mbele ya sanduku, kama mtu aliyemsindikiza mgeni na hajaridhika kwamba amefika.

Mvua ikikawia aliogopa ukame. Ikinyesha aliogopa paa. Mtoto wa darasani kwake akikosa shule, jioni Mwalimu alikuwa mlangoni kwa wazazi, kofia mkononi, akiuliza kama kuna homa nyumbani. Wazazi wengine walidhani amekuja kushitaki, wakamchapa mtoto kabla Mwalimu hajamaliza maamkizi. Basi hofu yake ikazaa jambo jingine la kuhofia.

Siku moja nilimuuliza Mama Mwalimu, tukichambua mchele, "Hivi alipatwa na nini huyu, hata akawa hivi?"

"Hakupatwa na kitu, mdogo wangu," akasema. "Nilimkuta hivyo. Siku ya harusi yetu alitoka kanisani akarudi kumuuliza padri kama ameandika majina sawasawa."

Lakini mtu huyohuyo hakufunga mlango wake. Kutwa nzima ulikuwa wazi, na mtu yeyote aliingia akaazima jembe, ndoo, hata baiskeli yenyewe. Darasani hakushika fimbo, na wenzake walimcheka kwa hilo. Ila mtoto akimpita bila kumwamkia, au akisema shikamoo huku anakimbia, Mwalimu alimwita arudi aseme upya, taratibu, mpaka iwe shikamoo kweli. Sikukuu ya Idi alituletea kuku, na kila mara alimleta akiwa hai, miguu imefungwa. "Mchinje wenyewe," alimwambia mume wangu. "Nisije nikakosea nikawaharibia." Mume wangu alimpenda kwa jambo hilo. Alikuwa akisema hajapata kuona Mkristo mwenye wasiwasi wa dini ya mwenzake kiasi kile.

Sasa nieleze habari ya mikahawa.

Kwao Bukoba mgeni akiingia hupewa kwanza kahawa ya kutafuna, buni ndogo zilizochemshwa zikakaushwa. Kwa Mama Mwalimu nyumba isiyo na kahawa ya kumpa mgeni haikuwa nyumba. Huku pwani alitegemea kifurushi kutoka kwa dada yake, na vifurushi vilikawia, vingine havikufika kabisa. Mgeni akija yeye akiwa hana, uso wake ulibadilika kama mtu aliyekamatwa hajavaa. Mwalimu hakuweza kustahimili kuuona uso ule. Likizo moja walipokwenda kwao alirudi na mbegu, akazipanda kwenye makopo, nyingi zikafa, na zilizobaki akazihamishia ardhini nyuma ya nyumba, mikahawa minne, chini ya kivuli cha migomba.

Miche ilishika. Baadaye majani machanga yakaanza kutoka ya manjano. Mishipa ya jani ilibaki kijani na katikati yake pote pakawa manjano, kama jani limechorwa ramani. Mwalimu aliyachuma, akayapanga juu ya meza, akayatazama kama daftari za watoto waliofeli.

Akaona kosa ni la maji. Kisima cha mtaa wetu kilikuwa na maji mazito. Sabuni haikutoa povu, na sufuria ya chai ilishika ukoko mweupe. Rafiki yake aliyefanya kazi maabara ya hospitali alimpa vijitabu vya karatasi za kupimia, vipande vyembamba, vingine vya bluu, vingine vyekundu. Kitu kikiwa kichachu, karatasi ya bluu hugeuka nyekundu. Kikiwa kama magadi, nyekundu ndiyo hugeuka bluu. Alichovya karatasi nyekundu kwenye maji ya kisima chetu, na mbele ya macho yangu ikageuka bluu.

"Unaona, Mama Tatu," akaniambia. Wakati huo binti yangu Tatu alikuwa ameshazaliwa. "Tunawanywesha magadi. Kahawa inataka uchachu. Kila debe ninalomwaga ninaongeza ubaya juu ya ubaya."

Toka siku hiyo hakumwaga maji kabla hajayarekebisha. Alianza kwa ukwaju. Aliuloweka, akauchuja kwa kitambaa, akaumimina kwenye debe huku akichovya karatasi, mpaka ile ya bluu ianze kuona haya kidogo. Ukwaju ulileta sisimizi uani mpaka Mama Mwalimu akalalamika. Akahamia kwenye siki. Mzee wa duka la kona, Mhindi Khoja mmoja mkimya aliyekaa pale kabla yetu sote, alimuuzia chupa baada ya chupa, na mwishowe akashindwa kujizuia.

"Mwalimu," alisema siku moja nami nipo dukani, "kachumbari gani hiyo mnakula watu wawili?"

"Si ya kula, Mzee. Ni ya mikahawa."

Mzee wa duka alimtazama juu ya miwani. "Mimi nina waridi nyuma ya nyumba, toka marehemu mke wangu. Nampa maji ya kisima hikihiki. Iko."

"Inachanua?"

"Mwaka mwingine inachanua, mwaka mwingine hapana."

"Basi huo mwaka mwingine ndio unaonitia hofu," Mwalimu akasema, akalipa siki yake.

Jambo moja lilinishangaza. Shuleni alikuwa na bustani ya watoto, matuta ya mchicha na bamia, na ile ilimwagiliwa maji ya kisima kama yalivyo. Mchicha wa shule ulikuwa mzuri, sisi akina mama tulikwenda kuununua. Nilimuuliza kwa nini ule hautengenezei maji. Alifikiri, akajibu, "Ule si wangu. Kama ukifa, utakuwa umekufa kwa maji ya serikali." Hakuwa akitania. Vitu vya wengine aliviacha katika mikono ya Mungu. Vilivyokuwa vyake alidhani vitakufa kwa uzembe wake.

Bwana Shamba aliyekuwa akikagua bustani za shule alipita nyumbani kwake siku moja kwa urafiki, kijana wa Morogoro aliyesomea kilimo. Walisimama kwenye mikahawa nami nikianika nguo upande wangu.

"Mwalimu, maji yaache," Bwana Shamba alisema. "Ungekuwa unaotesha mmea ndani ya maji matupu, hapo sawa, kila tone lina neno. Lakini hapa kuna udongo. Udongo una tabia yake. Wewe unamwaga maji machachu, udongo unayageuza. Unamwaga ya magadi, unayageuza pia, kidogokidogo. Ukitaka kumsaidia mkahawa, tia samadi, tia majani yaliyooza, ufunike shina. Utengeneze udongo, usihangaike na debe."

"Na huo udongo ukichoka kugeuza?"

"Hauchoki leo wala kesho."

"Lakini utachoka."

Bwana Shamba akacheka. "Labda utachoka, Mwalimu. Kwa maji mazito kama haya, baada ya miaka, huenda. Ndiyo maana nakuambia samadi."

Mwalimu alimshukuru, akamsindikiza mpaka barabarani, akarudi akachovya karatasi. Nadhani katika maneno yote yale alisikia moja tu, kwamba huenda.

Siki ilikuwa ghali na haikutosha, kwa hiyo akapata kitu kikali zaidi. Dereva mmoja wa malori, ambaye watoto wake walisoma kwa Mwalimu, alimletea chupa ya maji ya betri, ile tindikali inayotoboa nguo. Matone machache yalitosha debe zima. Mwalimu aliyadondosha kwa kibomba cha dawa ya macho, akiwa ameshika pumzi, na chupa aliiweka juu kabisa darini, imefungwa kwa kitambaa na kamba. Mama Mwalimu hakuipenda. Nilimsikia akisema, "Mwalimu, wewe unayeogopa kibatari, umeleta kitu hiki ndani?" Naye akajibu kwa sauti ya chini, "Nimekiweka mahali pake. Nimehakikisha."

Mimi pia sikuipenda, na nilimwambia mume wangu. Mume wangu alisema Mwalimu akishika moto mkononi, mkono wake utakuwa salama kuliko wa mwingine akishika maji. Lakini nikazoea kumwita Tatu kila nilipokosa kumsikia akicheza.

Tatu alikuwa mtoto wa kupenya. Ua ule wa makuti ulikuwa na upenyo chini, na kwa Mama Mwalimu alipendwa kama wa kuzaliwa mle. Ilikuwa siku moja ya kiangazi, jua limekaza, saa za asubuhi baada ya watoto wa shule kuingia madarasani. Nilikuwa nakatakata mboga. Nikasikia Mama Mwalimu akiita jina langu, mara moja tu, sauti yake haina nguvu.

Nilipopita kwenye upenyo nilimkuta amemshika Tatu mkono. Debe la kumwagilia lilikuwa pale kivulini, kifuniko kimewekwa kando, na kata ya kifuu ilikuwa chini, imelowa. Midomo ya Tatu ilikuwa imelowa, na kifua cha kigauni chake.

"Amekunywa," Mama Mwalimu akasema. "Nimemkuta anakunywa."

Nilimfungua mtoto mdomo, nikatazama ulimi. Sikuona kitu. Nikamuuliza, "Yanawasha?" Akatikisa kichwa. Akasema, "Machachu," kisha akaanza kulia kwa sababu aliziona nyuso zetu.

Mtoto wa jirani alikimbia shuleni kumwita Mwalimu. Alikuja mbio, bila kofia, bila baiskeli, na sikuwa nimewahi kumwona akikimbia. Alisimama mbele ya debe. Mkewe akamuuliza, "Umetia kiasi gani?"

Akachungulia ndani ya debe.

"Mwalimu, leo umetia kiasi gani?"

"Nilitia asubuhi," akasema. "Kisha nikaja kunywa uji. Kisha kengele ikalia. Nikarudi hapa." Akashika paji la uso. "Sikumbuki kama niliporudi nilitia tena."

Mtu aliyerudi kutazama moto unaowaka mbele ya mkewe, mtu aliyekumbuka majina ya kila mtoto aliyemfundisha, hakukumbuka hilo. Akatoa karatasi mfukoni, akachovya. Ikawa nyekundu.

"Inasema nini?" nikamuuliza.

"Inasema ni tindikali."

"Hilo tunalijua. Ni nyingi au kidogo?"

Aliitazama tena, akaigeuza upande wa pili, kama ataona maandishi. "Haisemi, Mama Tatu," akaniambia. "Inasema ndiyo au hapana. Haisemi kiasi."

Halafu akainama, akaokota kata, akachota debeni, akanywa. Mkewe akamshika mkono, naye akautoa mkono wake kwa upole, akachota tena, akanywa yote. Hakuharakisha. Alipomaliza akaweka kata juu ya kifuniko, akasema, "Twende hospitali. Litakalompata yeye tutaliona na kwangu."

Nilikuwa na hasira naye mpaka kichwa kinagonga, na papo hapo nilimwona kama ndugu yangu.

Mzee wa duka alituchukua kwa gari lake la mizigo. Hakuuliza, aliona tu namna tulivyokuja, akamwacha mwanawe dukani. Mwalimu alikaa nyuma juu ya magunia. Mimi na Tatu mbele. Tukiwa njiani Tatu akatapika, na mwili wake, nilipomshika vizuri, ulikuwa wa moto. Nikasema moyoni kwamba imeanza. Sikuwa na dua ndefu. Nilikuwa naomba gari lisisimame.

Hospitali walimtazama kinywa, wakamtazama koo kwa kijiko na tochi, wakamnywesha maziwa, wakatuambia tukae kwenye benchi. Mganga alimtazama na Mwalimu. Alimuuliza, "Na wewe kwa nini umekunywa?" Mwalimu akajibu, "Nilitaka kujua." Mganga akatikisa kichwa akaenda zake.

Tukakaa. Tatu alilala mapajani mwangu, anahema haraka. Mwalimu alikaa mwisho wa benchi, mgongo umenyooka. Kila baada ya muda alijishika koo, akameza mate, akatazama mbele. Nilielewa alichokuwa akifanya. Alikuwa akisikiliza ndani ya mwili wake habari za mtoto wangu.

"Unasikia nini?" nikamuuliza.

"Sisikii kitu."

"Huwaki tumboni?"

"Sijui kama ni tumbo au ni hofu."

Mume wangu alifika adhuhuri imeshapita, katika nguo zake za kazi, mtu amempelekea habari gatini. Alimtazama Tatu kwanza, akanisikiliza, kisha akaenda akasimama mbele ya Mwalimu. Mwalimu akainuka.

"Mwalimu," mume wangu akasema, "kuku unatuletea hai usije ukatuharibia dini. Na hili?"

Mwalimu hakujitetea. Alisema, "Nimekosa," na akabaki amesimama mpaka mume wangu alipoondoka mbele yake.

Alasiri mganga alirudi. Kinywa hakikuungua, koo halikuungua. Damu ya mtoto ilikuwa na malaria, na homa ile ilikuwa imeanza kabla ya debe. Huenda kiu ya homa ndiyo iliyompeleka kwenye maji. Akasema maji yale, kwa alivyoyaona mwenyewe kwa watu wawili, hayakuwa makali kuliko juisi ya limau, lakini akamwambia Mwalimu kwamba chupa ile isirudi nyumbani kwa mtu. Mwalimu akauliza, "Una hakika ni malaria?" Mganga akasema ana hakika. Akauliza tena. Mume wangu ndiye aliyesema, "Inatosha, Mwalimu. Twende nyumbani."

Tatu alipona. Chupa ilirudishwa kwa dereva. Debe lilitobolewa kwa msumari na Mwalimu mwenyewe, lisitumike tena, na tokea hapo mikahawa ilipata maji ya kisima kama yalivyo.

Watu wa mtaa walisahau upesi, maana hapakuwa na maiti wala polisi. Mume wangu alikaa muda akimwamkia Mwalimu kwa midomo tu, halafu Idi ikaja, kuku akaja, yeye akampokea, na maneno yakarudi taratibu. Aliyekuwa hajasahau ni Mwalimu. Kila jioni alisimama upande wake wa makuti akaita, "Mama Tatu, mtoto amekula?" Nikimjibu amekula, anauliza, "Amelala vizuri jana?" Nikimjibu amelala. Mwanzoni nilimshukuru. Baadaye ilinichosha. Mwishoni nikawa naogopa jioni, kwa sababu kila alipouliza nilijikuta namgusa Tatu paji la uso nione kama kuna joto. Aliyeponya hofu yangu alikuwa Mama Mwalimu, aliyemwambia waziwazi mbele yangu, "Mwache mtoto wa watu awe mzima."

Na mikahawa? Hapo ndipo palipomwuma kwa namna nyingine. Misimu ilipita, maji ni yaleyale ya magadi, na mikahawa haikufa. Haikupendeza pia, ilibaki kama ilivyokuwa. Akafuata ushauri wa Bwana Shamba, akatia samadi ya ng'ombe na kufunika mashina kwa majani ya migomba. Mvua za masika zilikuwa nzuri mwaka ule. Majani mapya yakatoka kijani, si yote, lakini mengi. Nilimkuta amesimama kati yake nikampongeza.

"Sijui ni samadi au ni mvua," akasema. "Ila najua si mimi." Akashika jani moja. "Mama Tatu, miaka yote ile nilikuwa natengeneza maji, udongo unayatengua. Nilikuwa nafanya nini?"

Nilimwambia alikuwa anamhangaikia mkewe. Akasema, "Ningeweza kumhangaikia kwa njia nyingine."

Buni zilipatikana, mavuno ya kiganja. Mama Mwalimu alizichemsha na majani fulani ya kwao, akazianika, na mgeni wa kwanza aliyepewa nilikuwa mimi. Zilikuwa chungu na ngumu, nikatafuna huku anaangalia, na uso wake siku ile ulikuwa wa mwenye nyumba.

Mama Mwalimu hakuzila muda mrefu. Alifariki msimu wa mvua uliofuata, kwa ugonjwa wa mapafu, na tulipomzika, Mwalimu alikuwa ameshikwa mikono huku na huku, mume wangu upande mmoja, mzee wa duka upande wa pili. Baada ya hapo Mwalimu alistaafu, nyumba akaikabidhi kwa aliyempangisha, akaondoka. Mpangaji mpya alikata mikahawa ajenge banda la kuku. Tulisikia Mwalimu amekwenda kwao, wengine wakasema yuko hapahapa mjini. Nilimuuliza kila aliyeweza kujua, na baadaye nikaacha kuuliza.

Nilimwona tena mtaa wa Keko, miaka mingi baadaye. Nilikwenda kuagiza kabati, na fundi niliyeelekezwa kwake alikuwa kijana mwenye matamshi ya Bukoba. Pembeni ya karakana, juu ya gogo, alikaa mzee akinyoosha misumari iliyopinda, nyundo ndogo mkononi. Nilipomwamkia aliitika marahaba bila kuinua macho. Nikasema, "Mwalimu, ni Mama Tatu."

Nyundo ikatulia. Fundi, ambaye kumbe ni mtoto wa dada yake Mwalimu, alitazama nyuso zetu akaenda kupima mbao zake mbali kidogo.

"Tatu yuko wapi?" Mwalimu akauliza.

"Yuko shule, anasoma. Mrefu kunishinda."

"Tumbo halimsumbui?"

"Halimsumbui."

"Koo?"

"Anaimba kaswida mpaka mtaa mzima unamjua."

"Una hakika, Mama Tatu? Hakuna siku aliyolalamika?"

"Nina hakika, Mwalimu. Hajalalamika hata siku moja."

Akaitikia kwa kichwa, lakini hakuonekana kushiba na jibu. Nilitazama huku na huku. Jirani wa karakana alikuwa na tuta la mchicha, limestawi katikati ya vumbi lote lile. Upande wa Mwalimu palikuwa na mchanga mtupu uliofagiliwa. Nikamuuliza kama hapandi kitu siku hizi. Akasema, "Hapana. Sasa sioni vizuri."

Tulizungumza habari za mzee wa duka, na za mume wangu aliyeumia mguu gatini akapona. Jua lilikuwa kali na nilikuwa nimetembea kutoka mbali. Nikamwomba maji.

Akatazama mlango wa nyumba. "Mke wa huyu kijana amekwenda sokoni," akasema. "Atarudi sasa hivi. Atakupa."

"Nina kiu, Mwalimu."

"Hatakawia."

"Nipe wewe."

Akachukua msumari mwingine, akaugonga, ukanyooka, akaendelea kuugonga. Kisha akauweka chini, akainuka kwa kushika gogo, akaingia ndani. Nilisikia kifuniko cha mtungi kikifunuliwa, kikarudishwa, kikafunuliwa tena. Alikaa mle muda. Alipotoka alikuwa amebeba kikombe kwa mikono miwili, na maji yalikuwa yakicheza mpaka ukingoni.

Nikakipokea. Hakurudi kukaa. Alisimama mahali anapoweza kuniona vizuri, macho yake kwenye koo langu. Nikanywa yote bila kupumzika.

"Yana ladha gani?" akauliza.

"Yana chumvi kidogo."

"Ya huku yote ndivyo yalivyo," akasema.

Nikamrudishia kikombe, nikamwambia bado nina kiu. Akanitazama kidogo, akageuka, akaingia ndani kuniletea mengine, na safari hii hakukawia.